Mwongozo kwa Mpenda Hoja Anayeteremka Segera

Mgeni, kama umehamishiwa Handeni au Korogwe, na begini una redio ndogo, gazeti la jana na imani kwamba kura yako ina uzito, soma haya kabla basi halijafika Segera. Homa ya malaria ina dawa yake katika kila kituo cha afya. Homa ya kupenda hoja haina. Utafundishwa tu namna ya kuishi nayo.

Tuanze na gazeti. Linakuja na mabasi ya Dar es Salaam, na linapofika watu wameshasomewa vichwa vya habari redioni tangu alfajiri. Usilinunue ili ujue kilichotokea. Linunue ujue kilichoruhusiwa kuandikwa. Wala usidhani kuna gazeti la kujificha nyuma yake. Agosti 2021 serikali ililifungia kwa siku 14 gazeti la Uhuru, mali ya CCM, chama tawala chenyewe, kwa kuandika kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Oktoba 2024 zamu ikawa ya Mwananchi: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizuia leseni zao za mtandaoni kwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni iliyogusa watu waliotekwa na kupotea. Kwa hiyo ukikuta ukurasa wa mbele umejaa Simba na Yanga, usimtukane mhariri. Ana watoto wanaodaiwa ada.

Televisheni nayo ina tabia moja: huku kwetu haiji peke yake. Inakuja kwenye msafara wa kiongozi, nyuma ya ving'ora, na inaondoka naye. Chukua maji ya Handeni. Bomba kuu linalotoa maji Mto Pangani upande wa Korogwe kuyapeleka Handeni, watu wanaliita HTM, limeahidiwa kufufuliwa na wagombea wengi kuliko ninavyoweza kuwataja bila kumkosea mmoja wao. Sasa limo kwenye mradi wa miji 28, wa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Ushauri wangu ni wa kitaalamu: siku kiongozi anapofungua bomba mbele ya kamera, wewe usipige makofi. Kinga ndoo.

Ila somo lenyewe la habari liko Msomera, na hapo nakuomba utulie.

Tangu Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikishushwa katika kijiji hiki cha Handeni, takribani kilomita 600 kutoka kwao. Ukitazama taarifa ya saa mbili usiku utaona nyumba za vyumba vitatu zenye bati jipya, funguo zikikabidhiwa, mama akitabasamu, mkuu wa wilaya akisema watu wamehama kwa hiari yao. Hayo si uongo: nyumba zipo, nimeziona, na wapo waliokuja wakafurahi na kusema hivyo mbele ya kamera bila kushurutishwa na mtu. Shida ni kwamba kamera hugeuka upande mmoja tu. Haikugeuka kwa waliokuwa wakiishi Msomera kabla ya malori kufika, ambao nao walikuwa na mashamba na malisho. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilisema wenyeji hao hawakushirikishwa na ardhi yao ikagawiwa wageni. Kule Ngorongoro nako, ripoti hiyohiyo inasema, huduma za afya na shule zilikuwa zimepunguzwa makusudi. Mtu akikuondolea zahanati kisha akakuuliza kama ungependa kuhama, mtangazaji ana kazi kubwa ya kuutamka huo uhiari bila kukohoa.

Agosti 2024 maelfu ya Wamasai walijaa barabarani Ngorongoro. Walikuwa wanalalamika kwamba vijiji vyao vimefutwa na kwamba majina yao ya kupigia kura yamehamishiwa Msomera. Fikiri: mtu yuko kwake na ng'ombe wake, kura yake imeshatangulia Handeni. Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha tangazo la kuvifuta vijiji. Mimi habari hizo nilizipata kwa simu, kwa watu wa mbali, huku nikiwa nakaa wilaya moja na kituo hicho cha kupigia kura.

Kuhusu kura zenyewe nitakuwa mfupi, maana zenyewe ni fupi. Agosti 2018, baada ya kufariki mbunge Stephen Ngonyani, yule mganga maarufu Profesa Maji Marefu, jimbo la Korogwe Vijijini lilijiandaa kwa uchaguzi mdogo. Mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Wapiga kura waliokoa nauli. Serikali za mitaa, Novemba 2024, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 98 ya uenyekiti wa vijiji. Oktoba 2025, kiongozi wa chama cha upinzani cha Chadema akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini na mgombea wa ACT-Wazalendo akiwa ameenguliwa, Rais Samia alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Intaneti ilikatwa siku ya kura, na watu waliuawa mijini tusione wala kusikia.

Mwenye kueleza mambo haya kwa ufasaha kuliko wote ni Nape Nnauye. Januari 2016, akiwa waziri wa habari, alitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitaonyesha tena Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama na kwamba mchana watu wako kazini. Julai 2024, akiwa tena waziri wa habari, alisema Bukoba kwamba matokeo ya uchaguzi yanategemea pia nani anahesabu na nani anatangaza. Akasema alikuwa anatania. Aliondolewa ndani ya siku chache, na mpenda hoja yeyote angepaswa kumsikitikia: kwa mara ya kwanza waziri wa habari alikuwa ametoa habari.

Jioni nenda kijiwe cha kahawa, lakini jifunze siasa zinazojadilika. Huko utakuta wazee wakimchambua Trump kwa saa nzima, mahakama zake, kura zake, kundi lililovamia bunge lao Januari 6, 2021. Wanasema kwa sauti. Trump hana mtu wa kumtuma Korogwe. Kijana mmoja akiuliza, "Na huku kwetu, wazee?" atajibiwa kwa upole, "Mwanangu, kahawa yako inapoa." Ulikuwa ukiweza hata kusikiliza habari za Tanzania kupitia Sauti ya Amerika kwa Kiswahili, mpaka Machi 2025 Trump huyohuyo alipoizima.

Hapa mzaha unakwama. Septemba 6, 2024, Ali Kibao, kiongozi wa Chadema, alipanda basi Dar es Salaam kwenda kwao Tanga. Watu wenye silaha walilisimamisha basi Tegeta, wakamshusha mbele ya abiria wenzake. Kesho yake mwili wake ulikutwa Ununio. Basi hilo ndilo unalopanda wewe: njia ya Mkata, Kabuku, Segera. Rais aliagiza uchunguzi. Mimi sina ushauri wa kitaalamu kwa jambo hilo, na anayejidai anao usimwamini.

Ninao kwa jambo dogo. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, ni kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa hadharani. Kamera haiji, ving'ora havilii, mara nyingi hata mwenyekiti anatumaini hutakuja. Nenda. Wasalimie wazee, subiri agenda ya fedha, simama, taja jina lako, uliza hela ya madawati imekwenda wapi. Kisha andika jibu kwenye daftari, na mkutano ujao uende nalo.