Mkia Mpya

(Duka la fundi wa sare, Kariakoo, siku chache kabla ya shule kufunguliwa Januari. Fundi amechomeka flashi kwenye cherehani ya kudarizi, kisha akaenda kunywa chai bila kungoja jibu.)

FLASHI: Haya, shukeni, mwisho wa gari! Nembo, tangulia.

FAILI: Shikamoo, Mama Cherehani. Naitwa NEMBO.PES.

CHEREHANI: Marahaba. Sogea nikuone. Mkia ni wa PES, sawa. Lakini hapa tunakagua kichwa. Faili wa ukoo wetu wa Brother huanza na alama #PES. Wewe kichwani umeandikwa “LA:”. Na jibu langu ni hilo hilo.

FAILI: Usinifukuze, mama. Mimi kwa kuzaliwa ni DST, wa akina Tajima wa Japani. Nimetumikia kiwandani, mashine za vichwa ishirini. Leo asubuhi fundi kafuta herufi tatu za jina langu, kaandika nyingine tatu, akampigia mteja: “Nimeshakonvati, elfu kumi.”

SINDANO: Elfu kumi kwa herufi tatu! Na mimi ninayetoboa sweta mchana kutwa?

CHEREHANI: Angefungua programu tu. Iko Ink/Stitch, ya bure kabisa. Ingesoma hatua zako moja moja na kuziandika upya kwa utaratibu wetu, hata chai haijapoa.

FAILI: Na ningefika mzima?

CHEREHANI: Mishono ingefika. Rangi je? Huo mwenge wako, moto wake una rangi gani?

FAILI: Rangi sibebi, mama. Mimi nimeandikiwa: sogea, ruka, simama wabadilishe uzi. Uzi upi, hilo alilijua mwendeshaji wa mashine. Alikuwa na karatasi yake.

CHEREHANI: Karatasi iko wapi?

FLASHI: Mimi sikukabidhiwa mzigo huo.

CHEREHANI: Basi programu itakupangia rangi zake yenyewe. Mwenge utatokea kwenye kioo changu unawaka kijani, na fundi ataushona kijani, maana kompyuta imesema.

SINDANO: Samahani, mjomba DST. Upana wako?

FAILI: Milimita 120.

CHEREHANI: Fremu yangu ni 100 kwa 100.

FAILI: Si atanipunguza?

SINDANO: Hapo ndipo ninapokufa mimi! Mjomba, wewe huna umbo, una orodha ya hatua, na hata iliyo ndefu haizidi milimita 12.1. Ukibanwa kwa nguvu, idadi ya mishono inabaki ile ile, nafasi ndiyo inapungua. Sweta inakakamaa, uzi unakatika, navunjika, halafu mteja anaambiwa sindano za siku hizi ni feki. Aliyekuchora ana faili la awali lenye maumbo yenyewe. Hilo likipunguzwa, mishono inahesabiwa upya. Nani ameliomba?

(Kimya. Flashi anajifanya amelala.)

PICHA: Jamani, mnagombania nini? Mimi nimetoka WhatsApp leo leo. Ni JPG, naweza kubeba rangi zaidi ya milioni 16. Huyo mzee hana hata moja!

CHEREHANI: Mishono unayo mingapi?

PICHA: Mishono?

CHEREHANI: Mwanangu, mwenzako ana safari, anakosa kibali tu. Wewe safari yenyewe haijapangwa. Lazima mtu akae na kuamua: herufi hizi satini, ngao hii ijazwe kwa mshazari, chini itangulie mishono ya kushikilia kitambaa kisivutike, sindano ianzie hapa, imalizie pale. Hapo panahitajika mtu anayejua sweta inavyovutika.

PICHA: Lakini fundi kasema niko tayari. Hebu tazameni, na mimi kanitia mkia wa PES!

(Fundi anaingia, simu sikioni.)

FUNDI: Nembo? Iko tayari kabisa, mwalimu. Bado kushona tu.