Mapafu Yapo, Vikapu Vinakuja
Timu changa ya mpira wa kikapu katika shule za Kitale na Bungoma hujulikana muhula wa kwanza kwa mapafu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Vijana hukimbia robo zote nne bila kuhema, na mara nyingi bila mpira. Udhaifu uko juu, kwenye ringi ya mita 3.05, isiyomwinamia mtu. Mtupo huru ndio huwatesa zaidi: hakuna anayezuia, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa ila refa. Kwa kuwa katika michezo ya shule Kitale iko kanda ya Bonde la Ufa na Bungoma kanda ya Magharibi, majirani hawa hawakutani rasmi kabla ya mashindano ya kitaifa. Kila upande huanza msimu ukijua hakika kwamba ungemfunga mwenzake.