Mwongozo wa Kuwa Nesi Mzito

Umemaliza chuo, umepangiwa kituo huku Nyambureti, wilaya ya Serengeti, na umeshuka kwenye bodaboda na sanduku lako na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kabla hujazoea njia ya kisimani utasikia wenzako wakisifiwa: fulani ana mkono mwepesi, fulani anamaliza dawa za wodi nzima chai yake ikiwa bado ya moto. Nawe utaitamani sifa hiyo. Kila mtu anaitamani. Nataka nikufundishe kuikosa, na kuikosa bila kuvunjiwa heshima. Sogea, maana haya hayasemwi siku ya mahafali.

1. Jifanye humjui mtu.

Ukikaa ukanda huu kidogo tu utakuwa umehudumia akina Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke na Ghati wa kujaza daftari zima. Isitoshe, jina la mtu na la baba yake hubadilishana nafasi. Kitanda cha dirishani kuna Mwita Chacha, cha mlangoni kuna Chacha Mwita, na wote wana homa. Nesi mwepesi anasimama katikati ya wodi, anaita "Mwita!", na anayeitika ndiye anayechomwa. Wewe usiite. Nenda mpaka kitandani, jifanye mgeni, uliza: "Shikamoo mzee, unaitwa nani? Baba anaitwa nani? Umetokea kijiji gani?"

Usiulize "Wewe ndiye Mwita Chacha?" Mzee aliyezidiwa na homa, au bibi anayesikia Kikurya kuliko Kiswahili, ataitikia "ee" hata ukimuuliza kama yeye ndiye mkuu wa wilaya. Kwa mtoto, ongeza jina la mama. Mji wenye wake watatu unaweza kukuletea watoto wawili wa baba mmoja siku moja. Ukishajibiwa, linganisha na faili. Kumbukumbu yako iache ipumzike.

Watakucheka. "Sista, si wewe uliyenichoma jana?" Cheka nao, halafu uliza tena. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: mwenye goti akapasuliwa kichwa, mwenye kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, akafunguliwa fuvu mtu ambaye hakuwa na haja ya upasuaji huo. Hizo ni hospitali za taifa, zina mabingwa na watu wengi wa kuulizana. Wewe usiku uko peke yako na tochi ya simu.

2. Desa.

Chuoni uliambiwa kuangalizia ni kosa. Huku angalizia mpaka macho yaume. Bandika jedwali la dozi ukutani, weka jingine mfukoni, na ulichungulie mbele za watu bila aibu.

Anza na artesuneti ya sindano, maana malaria kali ndiyo itakayokuamsha saa nane usiku, mama analia pembeni na mtoto ana degedege. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Kwanza unauyeyusha kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nao, unatikisa mpaka maji yawe angavu. Hapo njia zinagawanyika. Ukichoma mshipani, unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi au deksitrosi, na kila mililita inabeba miligramu 10. Ukichoma msulini, unaongeza mililita 2 tu, na kila mililita inabeba 20.

Sasa mtoto ana kilo 15. Chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo ni 45. Mshipani hiyo ni mililita 4.5, msulini ni 2.25. Aliyekariri "nne na nusu" akasahau kwamba leo ameongeza maji ya msulini, akafungua kichupa cha pili kutimiza hesabu, amempa mtoto miligramu 90. Hakuna kitakacholia kumwonya, na bomba litaonekana la kawaida kabisa. Tena kuna hili ambalo kichwa kilichochoka hukataa kulisadiki: kuanzia kilo 20 dozi inashuka, inakuwa miligramu 2.4 kwa kilo. Mdogo hupewa zaidi kwa kila kilo. Ndiyo maana nasema desa.

Na hizo kilo zipime sasa hivi. Mama akikwambia "ana kama kumi na tano hivi", mshukuru, kisha mweke mtoto kwenye mizani. Hesabu iandike kwenye karatasi, mpe mwenzako aifanye upya bila kuona jibu lako. Kama zamu ni yako peke yako, mpigie simu tabibu aliyelala. Atakoroma kwanza, kisha atahesabu. Najua unaona aibu kuamsha mtu kwa ajili ya kuzidisha na kugawanya. Amsha.

3. Shindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja.

Ukiwa unavuta dawa, simu izimwe sauti. Ndugu wa mgonjwa akikugusa bega, sema "Nahesabu, nisubiri kidogo," na usigeuke. Ukigeuka, anza upya tangu kwenye kichupa.

4. Soma kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa sauti, na kidole juu ya lebo. Mara ya kwanza unapoichukua dawa, ya pili unapoivuta, ya tatu kabla ya kuirudisha au kuitupa. Mwishoni mwa 2017, katika hospitali moja ya Nashville, Marekani, muuguzi RaDonda Vaught alitumwa dawa ya kumtuliza mgonjwa iitwayo Versed. Akaandika herufi mbili za mwanzo kwenye kabati la dawa la kompyuta, akaondoka na vekuroniamu, dawa inayolegeza misuli yote, pamoja na ile ya kupumulia. Mgonjwa akafa, na Machi 2022 mahakama ikamtia muuguzi hatiani. Kabati lilikuwa la kisasa, na lebo ilikuwapo.

Sisi tuna boksi la karatasi lenye ampuli zinazofanana kama mapacha. Kwa hiyo: bomba likishajazwa dawa, liandikwe jina hapo hapo. Bomba lisilo na jina ulilolikuta juu ya toroli, hata kama ni wewe uliyeliacha, limwage. Potasiamu kloridi ikae mbali na maji ya sindano, na isiingie mshipani kabla ya kuzimuliwa, maana husimamisha moyo. Seftriaksoni usiichanganye na dripu ya Ringer, kwa kuwa dripu hiyo ina kalsiamu na viwili hivyo vinagandana. Kwa mtoto mchanga ganda hilo limeua. Na mwandiko usioweza kuusoma, urudishe kwa aliyeandika. Kazi ya kubahatisha herufi si yako.

5. Kuwa mwoga mbele ya magneziamu.

Mama mwenye kifafa cha mimba ameletwa, na safari ya kwenda hospitali ya Mugumu bado ina vumbi refu mbele. Magneziamu salfeti itamwokoa. Hakuna dawa nyingine ninayoiheshimu hivi kwenye chumba cha kujifungulia, na ndiyo maana nakutaka uiogope.

Ampuli ni ya asilimia 50. Hiyo haiendi mshipani ilivyo. Kwa gramu 4 za kuanzia, vuta mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 za asilimia 20, kisha sukuma polepole huku unamtazama usoni. Halafu gramu 5 kila tako, hizi sasa za asilimia 50, pamoja na mililita 1 ya lignokeni ya asilimia 2, kwa sababu zinauma.

Kila baada ya muda wa saa nne kuna dozi nyingine, na hapa ndipo nesi mwepesi hupita tu na bomba. Wewe chelewa. Hesabu pumzi dakika nzima: ziwe 16 au zaidi. Gonga goti: mguu uruke. Angalia mfuko wa mkojo: usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi isimame na umwite mkubwa wako. Kalsiamu glukoneti, gramu 1, iwe imelala pembeni ya kitanda tangu mwanzo, maana pumzi zikianza kufifia huna muda wa kutafuta ufunguo wa stoo. Atakayekuuliza kwa nini unampiga mama wa watu magotini, mwambie unafanya kazi.

6. Piga soga.

Hii ni hila yangu ninayoipenda. Umemchoma penisilini, umeshamuuliza kama dawa iliwahi kumdhuru, amesema hapana. Usiondoke. Ukisimama tu kumkodolea macho, ataogopa. Basi kaa, uliza habari za ng'ombe. Uliza mvua za huko kwao. Mtu wa huku ukimgusa kwenye mifugo hatakuacha uondoke upesi. Wakati anahesabu ndama wewe unatazama midomo kama inavimba, ngozi kama inatoka vipele, sauti kama inakauka, pumzi kama inakoroma. Yakitokea hayo, ni adrenalini ya 1:1000, nusu mililita kwa mtu mzima, msuli wa paja upande wa nje, mara moja. Iwe mfukoni kabla hujaanza soga.

Soga hiyo hiyo itumie kujua alichokunywa kabla ya kuja. Wengi wameanzia duka la dawa muhimu, wengine kwa jirani, wengine kwenye mizizi. Ukiuliza kwa ukali watakana. Uliza hivi: "Njiani mlimpa nini kupunguza makali?" Utatajiwa vyote. Panadol za asubuhi zinahesabiwa. Mtu mzima asivuke gramu 4 za parasetamo kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, hata kama kila kimoja kilitoka duka tofauti.

7. Usimwamini mtu anayetikisa kichwa.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania iliianza rasmi 2006, ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili inafuata ya kwanza kwa muda wa saa nane. Mwambie mama "rudia baada ya saa nane" uone: mmoja atahesabu muda, mwingine atangoja saa nane mchana. Wewe taja saa yenyewe. "Hii amekunywa saa mbili asubuhi, ya pili mpe saa kumi jioni." Kisha mwambie akurudishie maneno hayo kwa mdomo wake, kwa Kikurya akitaka, na mhudumu akutafsirie.

Mwambie pia ampe na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini iliyomo kwenye ALu huingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Huku maziwa si ushauri mgumu kutekelezwa. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki visitunzwe kwa ajili ya mdogo wake.

8. Jokofu ni la dawa.

Oksitosini inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto mchana kutwa umeme umekatika, haibadiliki rangi wala harufu. Utagundua imekufa pale mama ametoka kujifungua na damu haikati. Soma kipimajoto asubuhi na jioni, andika. Soda za watumishi zitafutiwe ndoo ya maji.

9. Ukikosea, kosea hadharani.

Utakuja kukosea. Hata wazito hukosea. Mwili utakuvuta uandike "amepewa" na uende zako, hasa kama mgonjwa hajaonyesha dalili. Usifanye hivyo. Kaa naye, pima pumzi, mapigo na presha, mwite tabibu, sema dawa, kiasi na saa, bila dibaji. Andika kwenye faili ulichompa kweli, si ulichokusudia kumpa. Kisha waambie ndugu zake kwa Kiswahili cha kawaida: "Nimempa dawa zaidi ya alivyoandikiwa. Tunamwangalia, na gari la rufaa limeshaitwa." Watakasirika. Wana haki, na baadhi yao wana sauti kubwa. Simama hapo hapo uwajibu.

Dawa ikimdhuru mtu hata kama hukukosea popote, jaza fomu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) siku hiyo hiyo. Wao hujua kwamba toleo fulani la dawa lina matatizo pale vituo vya mbali kama chako vinapoandika.

Zamu ikiisha, usikabidhi ukiwa mlangoni. Mchukue anayekupokea, mzunguke vitanda vyote, na kwa kila mgonjwa umtajie dawa ya mwisho, saa aliyopewa na inayofuata. Anza na yule wa magneziamu, na mgonge goti pamoja.