Kanyaga Mafuta, Usubiri Kikao

Jumatatu jioni, nikipandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara, nilipitwa na mkokoteni. Sisemi bajaji, bajaji hunipita kila siku na nimeshazoea. Nasema mkokoteni wenye magunia ya mkaa, unasukumwa na kijana wa ndala, na kijana mwenyewe akanitupia jicho la pole. Wakati huo mguu wangu ulikuwa umekandamiza pedeli ya mafuta hadi kwenye kapeti. Taa ya njano ya injini imewaka, injini inakohoa kwa adabu kama mtu aliye msibani, gari linatambaa.

Gari lenyewe ni lile basi dogo la familia, la mlango wa kuteleza, toleo la 2003, lililofika kwangu kutoka Japani likiwa limeshachoka. Kampuni iliyoliunda siitaji, maana kosa, kama utakavyoona, halikuwa lake.

Gari langu la zamani lilikuwa na waya. Ukikanyaga, waya unavuta, kijilango cha hewa kinafunguka, mwendo unakuja. Ukikatika, unaazima wa breki ya baiskeli na unalala kwako. Hili la sasa halina waya. Pedeli yake ni dawati la kupokelea maombi. Pale kuna sensa mbili zinazopeleka ombi langu kwa kontroli boksi. Boksi linasoma, linalinganisha, likiridhika ndipo linaiagiza mota ndogo ifungue kijilango. Kwenye throto nako kuna sensa mbili nyingine, kazi yao kurudisha taarifa kijilango kimefunguka kiasi gani. Chukulia ni mashahidi wawili wa shamba moja mbele ya baraza la kata. Maelezo yakipishana, boksi halimwamini yeyote: linaikatia mota umeme, springi inakirudisha kijilango kwenye upenyo mdogo, unabaki na mwendo wa kukufikisha gereji. Wanasema ni kwa usalama wangu, gari lisije likafyatuka lenyewe. Sawa. Lakini baraza likae tu, siku zote, katikati ya mlima?

Fundi wa kwanza alisikiliza injini akiwa amefumba jicho moja. "Pampu ya mafuta hiyo, bosi." Tukafunga pampu. Haikuwa pampu. "Basi plagi." Tukafunga plagi. Akaanza kuzitazama koili, na mimi nikaanza kutazama njia ya kutokea.

Jirani yangu, ambaye hana gari wala hajawahi kuwa nalo, akasema nitoe terminali ya betri kwa dakika kumi. Nikatoa. Gari likaruka kama swala kwa siku mbili nzima, nusura nimpelekee mtu wa watu kuku. Kumbe boksi lilisahaulishwa kesi tu; mashahidi walipoitwa tena wakapishana vilevile.

Nikaenda kwa kijana wa mashine. Akachomeka kidude chini ya usukani, akatazama simu yake, akasema, "Mzee, una kodi moja."

Nikamwambia kodi ya nyumba nimelipa mpaka Desemba, na ile ya serikali hukatwa kabla sijauona mshahara. Hakucheka. Akanigeuzia simu: P2135. "Throto imekufa," akasema, kwa sauti ya daktari anayewahi daladala.

Sina ugomvi na mashine, nina ugomvi na wasomaji wake. P2135 haisemi throto imekufa. Inasema volti za mashahidi wawili hazipatani. Huenda mmoja wao ni mgonjwa kweli, huenda waya umechunika, huenda soketi imelegea, huenda ethi imeoza. Mtoto akirudi nyumbani analia, unajua kumetokea ugomvi. Hujui nani kaanza, na humnunulii jirani mtoto mwingine.

Mimi nilinunua. Shauri Moyo, Ilala, shilingi 180,000, na muuzaji aliniapia kwamba throto ile haikuguswa tangu Yokohama. Ilipofungwa, sailensi ikapanda hadi gari likawa linataka kuondoka nikiwa bado natafuta mkanda. Ile ya zamani ilikuwa imejaa masizi ukingoni, hewa inapita kwa shida, na boksi lilishazoea kukifungua kijilango zaidi kidogo ili kufidia. Ni kama mke wa mume kiziwi: mzee katibiwa masikio, mama bado anapiga kelele. Ikabidi boksi lifundishwe upya. Siku ya tatu, Ubungo ileile, taa ikawaka. P2135.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna fundi mzee, gereji yake ni mwarobaini na benchi. Nilikuwa sijampelekea kwa sababu hana mashine. Ana mita, ile ya nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, imefungwa plasta mgongoni. Akaniambia niwashe swichi bila kuwasha injini, nikanyage mafuta taratibu. Namba za sensa ya kwanza zikapanda vizuri. Za pili zikapanda vizuri. Nikaanza kumsikitikia. Kisha akaushika mkungu wa nyaya unaoingia kwenye soketi ya throto, akautikisa kwa vidole viwili, kama anayeamsha mtoto. Namba ikaanguka hadi sifuri. Akaachia, ikarudi. Akatikisa, ikaanguka.

Alipochomoa soketi, ndani kulikuwa na pini moja imeota kutu ya kijani, rangi ya mlenda.

"Injini hii uliiosha lini, mzee mwenzangu?"

Nilitazama mwarobaini. Ukweli ni kwamba mwezi uliopita tulipokea wakwe, na mjomba wa mke wangu ana tabia ya kufungua boneti za watu. Niliwaambia vijana wa kuosha magari waielekezee ile pampu ya presha mpaka ing'ae. Iling'aa. Mjomba mwenyewe alikuja na bodaboda, akala, akaondoka bila hata kuuliza gari liko wapi.

Fundi akaisugua pini kwa kibrashi, akapuliza dawa, akaibana kidogo kwa koleo ishike, akachomeka, akatikisa. Namba zikatulia. Shilingi 10,000, na akaona aibu kuzitaja.

Nyumbani mama watoto aliuliza ugonjwa ulikuwa nini. Suala la kuosha injini sikuliona kama la kulifikisha mezani.

"Sensa," nikamjibu.

"Sensa? Si tulihesabiwa 2022?"

Nikamwambia safari hii walikuja kuhesabu hela zangu.