Likizo ya Makuli

Mtu akikwambia anakupeleka mapumzikoni, muulize kwanza kama huko kuna kitu cha kusukuma. Mimi niliahidiwa kukaa, kunywa chai na kutazama bata. Bata niliwaona. Alfajiri, kabla hata sijajua niko upande gani wa dunia, walikuwa wakidonoa majani yaliyoota ubavuni mwa boti, ngo ngo ngo, mpaka mama mkwe akaitikia, "Karibu!"

Ndiyo, mama mkwe alikuwamo. Shemeji yangu, ambaye amekaa Birmingham hadi anaita manyunyu "hali nzuri ya hewa", alikodi boti ya mferejini na kutupakia wote: mimi, mke wangu na mama yao. Boti yenyewe ina urefu wa mita 17, na upana wake ni mita 2 na sentimita chache. Toa kuta, toa kabati, toa jiko. Kinachobaki ni ujia. Sasa nieleze wewe uliyelelewa vizuri: unatoka kuoga, taulo begani, unakutana na mama mkwe anakuja na birika. Kupishana hakuna. Nilirudi kinyumenyume hadi bafuni, nikafunga mlango, nikasubiri. Likizo nzima nimeimaliza kwa kurudi kinyumenyume.

Wa kulaumiwa ni James Brindley, mhandisi wa karne ya 18, aliyeamua loki za mifereji yake, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti, ziwe na upana wa futi 7 ili kubana gharama na maji. Waliokuja baadaye wakamwiga, na boti zikakatwa kwa kipimo hicho. Hata mfereji wetu, wa kutoka Birmingham hadi Worcester, uliokamilika mwaka 1815, una loki nyembamba vilevile. Wakati huo zilipita boti za mizigo, na baadaye, reli zilipoingia na malipo kushuka, wapo waliohamishia familia zao kwenye kibanda cha nyuma kisichozidi mita 3, baba, mama na watoto. Hao siwacheki hata kidogo. Wao walikuwa wanalipwa, ingawa kidogo. Sisi tulilipa.

Mwendo ni maili 4 kwa saa, karibu kilomita 6, na huo ndio mwisho wa sheria. Ukipita boti zilizofungwa ukingoni unapunguza zaidi, la sivyo vigingi vyao vinang'oka na mwenye boti anatoka na maneno yake. Bibi mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa kandokando ya mfereji alitusalimu, akatupita, akarudi, akatusalimu tena. Mara ya pili aliuliza kama tumeharibikiwa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa nahodha. Shemeji anatoka kwenye ukoo wa mabaharia wa Tanga, lakini bahari aliiona kutoka barazani. Kana ya boti unaisukuma kulia ili omo iende kushoto; hata mtoto wa ngalawa anajua. Shemeji aliishika kana kama anayeendesha basi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa juu ya tope. Nikamwambia, "Shemeji, tumepwelewa." Akasema haiwezekani, mferejini maji hayapwi. Nikachukua upondo juu ya paa, nikauegemea, nikasukuma mpaka mgongo ukalia. Boti ilipochomoka akatabasamu. "Umeona? Imejitoa yenyewe."

Kisha rafadha ikanasa. Juu yake kuna kifuniko sakafuni. Unakifungua, unalala kifudifudi, unatia mkono mpaka begani kwenye maji baridi na kupapasa, baada ya kuhakikisha injini imezimwa. Nilihakikisha mara nyingi, maana mwenye ufunguo alikuwa shemeji. Nilitoa waya wa umeme, mfuko wa plastiki na suruali ya jinzi yenye mguu mmoja. Mama mkwe alitaka kujua mguu wa pili uko wapi, na swali lake likanikosesha usingizi.

Handaki la Wast Hills nalipita haraka, ingawa lenyewe halipitiki haraka: karibu kilomita 2 na nusu za giza chini ya kilima, matone yakikuingia shingoni, na mama mkwe akisoma Ayatul Kursiy tangu mdomo wa kuingilia hadi wa kutokea.

Na choo je? Uchafu wote unaingia kwenye sanduku la plastiki, ambalo likijaa mtu hulichomoa na kulikokota hadi mahali maalumu pa kumwagia. Nahodha haachi usukani. Wanawake hawakuulizwa. Hesabu waliobaki.

Halafu Tardebigge. Loki 30 mfululizo, ndani ya kilomita 3 na nusu hivi, zikikushusha mita 67. Hakuna ngazi ndefu kuliko hiyo katika mifereji ya Uingereza. Kila loki ni chumba chenye milango juu na chini. Unaingiza boti, unafunga nyuma, unazungusha mkono wa chuma kufungulia maji yatoke, boti inashuka, kisha unatia makalio kwenye boriti ya mlango na kusukuma. Lita zaidi ya 100,000 zinakwenda zake kwa familia moja kushuka kidato kimoja. Ukimaliza, unatazama mbele na kuiona ya pili inakusubiri. Kwa miguu ni chini ya saa moja kutoka juu hadi chini. Sisi tulianza asubuhi.

Kwenye loki mojawapo shemeji aliona ni wakati wa kupiga picha. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti, na ukutani mstari mweupe unaokuonya usirudi nyuma yake. Shetri ikikalia kizingiti hicho maji yanaposhuka, omo inaendelea kwenda chini, na boti inajaa. Nilipoona shetri inausogelea mstari nilipiga kelele ambazo sijazipiga tangu ujana, nikafunga maji. Shemeji akasema kelele zimemharibia picha.

Karibu na loki ya juu ndipo mwandishi L. T. C. Rolt alipofunga boti yake, Cressy, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kitabu chake cha mwaka 1944 kiliwaamsha watu, na mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji iliyokuwa ikiachwa ife. Wenyeji wanamshukuru. Bila yeye pengine ngazi hii ingefukiwa zamani, nami ningekuwa nyumbani natazama mpira.

Tulifika chini jioni, viganja vimechubuka. Shemeji akanyoosha mikono, ambayo haikuwa imefanya kitu, akatangaza kwamba mbele kidogo pana mahali palipopanuliwa pa kugeuzia boti. "Kesho tunapanda."

"Tunapanda nini?"

"Hizo hizo. Boti ya watu lazima irudi."

Sikujibu. Stesheni ya Bromsgrove haiko mbali na pale, na treni hadi Birmingham ni kama nusu saa. Nikavaa viatu, nikachukua koti, nikaupita ujia wote mbele kwa mbele, kwa mara ya kwanza bila kukutana na mtu. Mguu mmoja ulikuwa tayari nchi kavu nilipoitwa.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema kwa upole wake wote, "kwa vile umeshavaa viatu, lile sanduku limejaa."