Namna ya Kuhamisha Programu ya Chama Bila Kumnyima Mtu Zamu

Tuseme chama chenu cha watu 12 kina programu ya Python inayopanga zamu za kupokea mchango, na sasa mnaitaka ifanye kazi ndani ya kivinjari, kwa JavaScript. Hatua ya kwanza: mtafute aliyesema hiyo ni kazi ya jioni moja, mpe birika la chai na umketishe mbali na kibodi. Kazi hii inamtaka mtu mwenye shaka. Python yenyewe ilipotoka toleo la 2 kwenda la 3, 7/2 iliacha kuwa 3 ikawa 3.5. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2008, na la 2 likastaafishwa 2020. Hiyo ni lugha moja tu, ikihamia toleo lake yenyewe!

Programu ikigoma, shukuru, maana imekuonyesha pa kuanzia. Ya kuogopa ni ile inayokubali kila kitu kisha ikatoa jibu jingine. Chukua alama ya %, inayotafuta baki la mgawanyo. Wanachama wamepewa namba 0 hadi 11, nawe unataka kujua nani alipokea kabla ya namba 0. Python inakokotoa (0 - 1) % 12 na kujibu 11, yaani mtu wa mwisho kwenye orodha, na ndivyo ilivyo. Nakili mstari huohuo kwenye JavaScript, utapata -1. Hakuna onyo wala ujumbe wa kosa. Kuna mwanachama wa hasi moja, na mweka hazina anayehangaika kumtafuta. Dawa ni kuongeza 12 kwenye jibu, kisha kutafuta baki tena.

Michango nayo ipange kwa uangalifu. Ukiiachia sort() ya JavaScript namba 900, 2500 na 10000 bila maelekezo, inazilinganisha kama maneno: 10000 inatangulia, 900 inaburura mkia. Tarehe vilevile. JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, kwa hiyo rejesho la mwezi wa 2 litaangukia Machi.

Sasa ondoka kwenye kompyuta, uende kwa mweka hazina. Python 3 hukadiria 2.5 kuwa 2, kwa sababu nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, ilhali Math.round ya JavaScript inasema 3. Ipi ifuatwe kwenye riba? Hilo si lako kuamua. Ni fedha za watu, waulize wenyewe, na jibu lao uliandike ndani ya msimbo ili atakayekuja baadaye alione.

Akili bandia itakutafsiria mistari yote kabla chai haijapoa, na hakuna ubaya kuitumia. Lakini kabla hamjahamia, chukua daftari la mwaka uliopita, uzilishe programu zote mbili, ulinganishe kila mstari. Weka humo mambo ya ajabu pia: aliyelipa nusu, aliyelipa mara mbili, mwezi ambao hakuna aliyelipa. Zikipishana hata shilingi moja, tafuta chanzo chake. Na ile ya zamani usiizime. Iache iende sambamba na mpya hadi watu wote 12 wawe wamepokea.