Hodi Texas, Naomba Nguruwe

Mtu anayetaka kuwinda Texas kwa bei nafuu huanza kwa kuitazama ramani, na hapo ndipo anapopotea. Anaona jimbo kubwa kuliko Kenya nzima, anaambiwa kulungu wamejaa hadi wanagongwa na magari, basi anajisemea kwamba nafasi haiwezi kukosekana. Nafasi ipo, ila ina wenyewe. Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na pasipo na kibao cha kukataza kuingia huenda pana rangi ya zambarau. Tangu mwaka 1997 sheria ya huko inamruhusu mwenye shamba kupaka mistari ya zambarau kwenye miti na nguzo, na mstari huo una nguvu sawa na kibao. Mgeni hudhani ni pambo. Husimama, akapiga picha, akasifu ubunifu wa wenyeji, kisha akapita katikati ya miti hiyo na bunduki begani. Kosa hilo laweza kumgharimu hadi mwaka mmoja jela na faini ya hadi dola 4,000, fedha ambazo zingemlipia mwongozaji, chumba chenye kiyoyozi na mtu wa kumchunia mnyama.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba sheria imegawa mali mafungu mawili. Kulungu wa Marekani ni wa umma, na serikali ya jimbo humtunza kwa niaba ya wananchi wote. Majani anayokanyaga ni ya bwana fulani. Mtanzania hapo anaelewa nusu ya kwanza tu, maana kwao wanyamapori ni wa umma na ardhi pia ni ya umma. Mkenya, ambaye nchi yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, anashangaa habari yote. Texas mwenye shamba hakuuzii kulungu, kwa kuwa si wake. Anakuuzia geti. Na geti hilo, ukilichunguza vizuri, bei yake imejengwa kwa vitu viwili: pembe na hofu. Anayetaka kulipa kidogo hana haja ya kubembeleza punguzo. Aombe ruhusa isiyogusa pembe, na aiondoe hofu kabla hajataja mnyama.

Tuanze na pembe. Dume la kulungu lenye pembe pana ni fahari ya shamba. Mwenyewe amelimwagia mahindi mwaka mzima, amelitegea kamera usiku na mchana, na pengine amelipa jina. Analipia kodi ya ardhi kila mwaka, na mvua ikikataa ni yeye anayenunua majani ya ng'ombe. Kumwambia mtu huyo kwamba anatoza kupita kiasi ni utovu wa adabu, sawa na kumlaumu mwenye nyumba ya kupanga kwa kupokea kodi. Lakini shamba hilohilo lina wanyama ambao mwenyewe akiwaona hutukana mbele ya watoto. Wa kwanza ni nguruwe mwitu. Texas wanakadiriwa kuzidi milioni mbili, wanafukua malisho usiku kucha, na serikali imewachoka hata ikalegeza kila kitu: tangu 2011 wawindaji wanaruhusiwa kulipia nafasi ya kuwapiga kutoka kwenye helikopta, tangu 2017 kutoka kwenye puto la hewa moto, na tangu Septemba 2019 anayewawinda kwenye ardhi binafsi kwa idhini ya mwenyewe hahitaji leseni ya uwindaji. Jimbo linaloruhusu watu kuelea angani kwenye kikapu wakifyatulia nguruwe risasi halichezi.

Mtu atasema: lakini hata nguruwe wanauzwa siku hizi. Ni kweli. Hiyo helikopta hulipiwa maelfu ya dola, na mashamba mengi yamegundua kwamba adui yao ana soko. Ila wanaouza ni wale waliokwisha kufungua biashara ya wageni. Mkulima wa mtama ambaye shamba lake limefukuliwa wiki hii hana tovuti wala bei, ana hasira, na hasira ni mlango mpana. Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe, hasa pwani. Yaani mnyama pekee anayetolewa bure ndiye yule muungwana wa Lamu hawezi hata kumtaja mezani! Hapo nakiri dunia ina mzaha wake. Lakini orodha ya wanaochukiwa haijaishia kwa nguruwe. Kuna kulungu majike, ambao wakizidi humaliza malisho ya yale madume ya fahari, na mwenye shamba mwenye akili hutaka wapungue. Wageni wanaolipa vizuri hawawataki, kwa sababu jike halitundikwi ukutani. Anayependa nyama kuliko ukuta na abishe hodi Januari, madume yakishawindwa na watu wa pesa wakirudi mjini. Atakuta bei imeshuka na mwenyeji amepata muda wa kuzungumza.

Hapa lazima niseme neno kuhusu karatasi, maana urahisi wa geti haufuti ugumu wa ofisi. Mkazi wa Texas hulipa dola 25 kwa leseni ya kawaida ya kuwinda, mgeni hulipa 315. Ipo ya siku tano kwa dola 48, isiyohusu kulungu wa kienyeji ila yafaa kwa wanyama wa kigeni waliozagaa huko, kama aksisi kutoka India. Na asidanganyike aliyesikia kwamba nguruwe hahitaji leseni. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamzuia mgeni mwenye viza ya muda kushika bunduki, na njia inayotumika zaidi ya kukwepa zuio hilo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo nguruwe hataki leseni, bunduki inaitaka. Mgeni atanunua karatasi kwa ajili ya chuma.

Upande wa hofu ndio wenye visa vingi. Mwenye shamba anaogopa mambo matatu au manne tu, na wageni huyatimiza yote kwa asubuhi moja. Anaogopa geti kuachwa wazi. Mgeni huliacha wazi kwa heshima, akidhani kuna gari linakuja nyuma, na saa moja baadaye ng'ombe wako barabara kuu. Anaogopa umati, mgeni aliyeomba ruhusa peke yake husema polepole, "Wenzangu wako kwenye gari." Anaogopa kushtakiwa mtu akivunjika mguu shambani kwake, ingawa sheria ya Texas humkinga kwa kiasi kikubwa anayeruhusu burudani bila kutoza kitu. Hii, kusema kweli, ni hoja ya kumkumbusha kwa upole, pamoja na karatasi uliyokwisha kusaini kwamba mguu ni wako. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Texas mgeni afike na jembe siku ya kwanza: aulize uzio gani umelala, banda gani linataka rangi, nani atapakia marobota ya majani. Jumamosi moja ya kazi hununua ruhusa ambayo pesa taslimu huidhalilisha, kwa sababu pesa humfanya mwenyeji aanze kufikiria bei, na kazi humfanya akumbuke jina lako.

Ushauri huu una tundu, na sitalifunika. Kubisha hodi kumesifiwa sana na watu ambao hodi zao huitikiwa. Mtu mweusi mwenye lafudhi ya Tanga, anayesimama uani mwa shamba asilolijua katika nchi ambayo kila nyumba inaweza kuwa na bunduki, ana hesabu nyingine ya kupiga. Aache silaha na nguo za madoadoa nyumbani siku ya kuomba, aende mchana, na kama anaweza atangulizwe na simu ya mtu anayejulikana hapo kijijini, hata fundi wa matrekta. Akiona bado roho haimpi, yapo majimbo ambako serikali imeshabisha hodi kwa niaba yake. Kansas tangu 1995 hukodi mashamba ya watu, huyawekea vibao, na mwindaji huingia kwa miguu bila kumwomba mtu yeyote. Montana ina mpango ulioanza 1985 unaofungua mamilioni ya ekari; wenye ardhi hufidiwa, na mwindaji halipi hata senti kwa geti. Leseni ya mgeni ya kuwinda kulungu pamoja na elki, jamaa yake mkubwa, huko huzidi dola 1,000, kwa hiyo asiyepania pembe hana sababu ya kufika mbali hivyo. Anayefika, kwenye maeneo mengi atakuta kisanduku njiani chenye kadi za kujiandikisha mwenyewe. Hakiulizi lafudhi. Aende na kalamu yake.